Mashine Iliyopona

Watu wengi huogopa mashine ikiharibika. Unywele aliingiwa na hofu asubuhi ile mashine yake ilipopona.

Unywele lilikuwa jina la kubandikwa. Karakana nzima ilimwita hivyo kwa sababu ya uchokozi wake wa vipimo. Ukimpelekea chuma ulichokichonga akakipima, atakirudisha hata kama umekosea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, tena kwa adabu zote: "Kaka, hapa bado pana unywele." Alikuwa mkereza, fundi wa kuzungusha chuma na kukinyoa kwa kisu hadi kiwe mviringo sawasawa, na mashine yake ilikuwa ile kubwa ya kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imechoka tayari, kutoka kiwanda kilichofungwa. Rangi ilikuwa imebanduka. Herufi za kijani kwenye kioo chake zilikuwa zimefifia, usome kwa kukodoa macho. Na ilikuwa na pleyi.

Pleyi ni ugonjwa wa kawaida wa mashine kuukuu. Kuna skrubu ndefu ndani inayokisukuma kisu mbele na nyuma, na miaka ikipita skrubu hiyo na nati yake hulegeana. Ukiiamuru mashine irudi nyuma, skrubu huzunguka kidogo bure, kisu kimetulia tuli, ndipo nati ishike na kukiburuta. Kwa muda ule mfupi mashine inaamini imeshaondoka, kumbe bado iko palepale. Ile ya Unywele ilipogeuza mwendo ilitoa mlio mdogo, tk, kama mtu anayebofya ulimi, naye alikuwa ameuzoea jinsi mtu anavyozoea kikohozi cha babu chumba cha pili. Dawa yake aliijua. Ukitaka kukifikia kipimo, usikijie kwa kurudi nyuma. Kipite, zunguka, ukijie tena kutoka upande uleule, kila siku, bila uvivu.

Asubuhi ile aliitega saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale unaoonyesha hata msogeo mdogo kabisa, akakigusisha kidole chake cha chuma kwenye kibebeo cha kisu. Akaiamuru mashine iende mbele. Mshale ukasogea. Akaiamuru irudi, na mshale ukarudi papo hapo, bila kusita na bila mlio wowote. Akarudia kwa upande mwingine. Ulegevu haukuwepo.

Chuma kikishalika kimelika, hakijirudishi. Alifungua kifuniko cha chini akamulika kwa tochi, akaiona skrubu ileile, imelika katikati, inang'aa kwa uchakavu. Hakuna aliyebadilisha kitu. Ila kulikuwa na harufu. Mafuta ya mashine aliyajua, lakini hii ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, na ilitoka kwenye lile tundu refu la katikati ya spindo, mhimili unaokizungusha chuma, ambamo vipande virefu vya chuma huingizwa.

Akaenda ofisini. "Dada, nani ameigusa mashine yangu?"

Dada alikuwa dada yake kweli, wa tumbo moja, na ndiye mwenye karakana tangu mumewe afariki. Mama yao alipoondoka duniani Unywele alikuwa bado anatambaa. Dada, naye msichana mdogo tu, alimbeba mgongoni, akamfundisha kutembea, akaacha shule ili yeye asome. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Watu walipomwuliza, alimwonyesha Unywele kwa kidevu na kusema, "Wangu huyo hapo, tena ameota ndevu."

Siku hiyo alikuwa anakunywa chai, hakuinua macho. "Imepona? Basi mshukuru Mungu. Zile shafti za pampu zikirejeshwa tena na mteja kwa kukosa kipimo, mdogo wangu, tunafunga milango. Kazi ianze."

"Sijasema imepona, Dada. Nimeuliza nani ameigusa."

Kikombe kilisita hewani. "Usinichoshe asubuhi," akasema.

Basi kazi ikaanza. Shafti zilitoka moja baada ya nyingine, zote zimekaa kwenye kipimo, hata ukiugawa unywele vipande kumi huwezi kupata pa kukosoa. Cheche, mchomeleaji wa karakana na mtani wake mkubwa, alikuja kusimama mlangoni akiwa na barakoa yake kichwani. "Unywele, leo utamrudishia nani? Umeishiwa uchokozi!" Kila mtu alicheka. Unywele alicheka pia.

Jioni alicheka tena, nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Binti yake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo usiopumzika, alikuwa akisimulia jinsi paka alivyoiba samaki wa jirani. Unywele alicheka, akanyamaza. Mtoto akakunja uso.

"Baba, mbona ulikuwa umemaliza kucheka halafu ukaendelea?"

"Nimeendelea wapi, we Chiriku?"

"Umeendelea. Na haikuwa sauti yako."

Mkewe alijifanya hajasikia. Unywele alinyoosha mkono kuchukua glasi ya maji, kisha akabadili mawazo na kuurudisha mkono. Kwenye kiwiko chake, ndani ya mfupa, kilisikika kitu. Tk.

Siku zilizofuata alisikia mlio ule gotini alipogeuka ngazini, na kwenye taya alipoanza neno na kulikatiza. Alijiambia ni uchovu. Tena ni nani angekwenda kwa daktari kusema mwili wake unachelewa kurudi nyuma? Hadi jioni aliyokuwa anamzungusha Chiriku uani, mchezo wao wa kila siku: anamshika vifundo vya mikono, anamzungusha mtoto akipiga kelele za furaha, kisha anamtua na kumwachia. Jioni hiyo alimtua. Mikono haikuachia.

"Baba, niachie."

Alikuwa ameshaiamuru iachie. Vidole vilikaza zaidi, vikakaza, mtoto akaanza kulia, na ndipo kiwiko kikalia tk na vidole vikafunguka. Alama nyekundu zilibaki kwenye mikono ya mtoto kama bangili. Mama yake alimwinua, na jicho alilomtupia mumewe lilimchoma kuliko tusi.

Kesho yake Unywele aliwahi karakana kabla ya wenzake. Aliulaza mkono juu ya meza ya chuma, akakigusisha kidole cha saa kwenye ukucha wake. Alipeleka mkono mbele kidogo, mshale ukacheza, akausimamisha. Kisha akauambia mkono urudi.

Mshale ulibaki palepale. Hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni kwamba baada ya kutulia, mshale uliendelea mbele kidogo, polepole, kwa utulivu wa mtu anayejinyoosha kitandani, halafu ndipo mkono ukatii na kurudi. Mashine chakavu hupoteza mwendo, lakini haiendi mbele ukiiambia irudi. Katika ule uwazi mdogo, kati ya amri yake na mwili wake, palikuwa na mtu mwingine.

Tangu hapo aliishi kama alivyoiendesha mashine. Hakurudi nyuma. Akitaka kikombe alikipita, akazungusha mkono, akakijia kutoka upande uleule. Akisahau kitu nyumbani alizunguka mtaa mzima kuliko kugeuka barabarani. Kazini aliweka mikono mbali na zile taya za mashine zinazoshika chuma na kukizungusha, maana mkono unaochelewa kutoka pale hautoki tena. Wenzake walimtania kwamba anatembea kama amefungwa kamba. Na binti yake hakumgusa tena. Chiriku alipomkimbilia, yeye aliweka mikono nyuma na kusema amechafuka na mafuta. Mtoto aliuliza kila siku, "Baba, bado hujanawa?" na kila siku Unywele alihisi moyo ukichanika.

Lakini dawa ile ilifaa mchana tu, akiwa macho. Alfajiri moja, kabla hakujapambazuka vizuri, alishtuka kutoka usingizini akajikuta ameshaketi, miguu ikigusa sakafu baridi, akauambia mwili ulale lakini mwili ukasimama, akauambia utulie na ukaanza kutembea, magoti yakilia tk, tk kwa kila amri aliyoitoa ikachelewa kufika, ukipita kwenye kabati, ukipita kwenye ndoo ya maji, harufu ya nywele zilizoungua ikimpanda puani kutoka kifuani mwake mwenyewe, hadi akajiona amesimama juu ya kitanda cha Chiriku akiwa ameinama, na mikono yake miwili inashuka, inashuka bila haraka kuelekea shingo ya mtoto aliyelala mdomo wazi, naye akiiambia rudi, rudi, rudi, kwa nguvu zake zote.

"Baba Chiriku," mkewe alinong'ona nyuma yake. "Unafanya nini hapo?"

"Nataka kurudi," alijibu kwa kunong'ona vilevile, machozi yakimtiririka. "Mama Chiriku, nivute. Nimeshaamua kurudi, lakini siendi."

Mkewe alimshika kiuno akamvuta hadi wote wawili wakaanguka. Hapakulika tena chakula kwa raha ndani ya nyumba ile. Mama Chiriku alimlaza mtoto chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo, na mumewe alilala sebuleni. Unywele mwenyewe ndiye aliyeomba afungiwe nje.

Cheche ndiye aliyefungua kinywa. Alimkuta Unywele nyuma ya karakana, kwenye rundo la mabaki ya chuma kilichonyolewa, analia. Kwa mara ya kwanza Cheche hakutania.

"Ndugu yangu, sikutaka kusema. Naogopa kazi yangu," alisema, akitazama huku na huku. "Kabla hujaanza kuumwa, ile siku tuliyopumzika, nilirudi kuchukua simu yangu. Nilimkuta Dada na mtu mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mtu yule alikuwa ameipa mashine mgongo. Dada ameinama, mdomo kwenye tundu la spindo, anaiambia kitu."

"Anaiambia nini?"

"Nilisikia maneno mawili tu." Cheche alishusha sauti. "Alisema, mdogo wangu."

Unywele alitaka kumwita Cheche mwongo. Alitaka sana.

Mwenye miwani ya waya hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa mganga, anaishi nyuma ya duka la vipuri, na alimpokea Unywele bila kushangaa, kama fundi anayeletewa kazi yake ya zamani.

"Ulegevu haufi, fundi, na wewe unalijua hilo kuliko mimi," alisema. "Mle ndani mna jini, amekuja na mashine. Yeye hukaa kwenye uwazi. Popote penye nafasi kati ya amri na kitendo, hapo ndipo kwake. Dada yako alitaka mashine inyooke. Nikamwambia, naweza kumwomba ahame na ulegevu wake, lakini lazima aambiwe ahamie kwa nani."

"Mtoe."

"Kwangu hatoki. Aliyemwelekeza ndiye wa kumwelekeza tena. Na nikwambie ukweli, akikaa sana huwa hahitaji tena kungoja uwazi. Anaupanua."

Unywele alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Dada, akasimama mbele ya meza yake. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yote yalimpotea.

"Dada, ulinitoa mimi."

Dada alimtazama, na uso wake ukazeeka palepale. "Funga mlango," alisema kwa sauti ya chini.

"Sifungi. Niambie."

"Kilitaka mtu wangu. Nilitaja mfanyakazi, hakikukubali. Nikasema basi hata jirani. Kikataa. Kinataka mtu wangu, wa damu. Sasa mimi sikuzaa. Nilikuwa na nani mwingine?"

"Ulikuwa na wewe mwenyewe."

Dada alifumba macho. "Nikianguka mimi, karakana hii inabaki na nani? Nilidhani kitachukua kidogo tu. Kama kilivyokuwa kinachukua kwenye mashine. Kidogo ambacho hata mtu haoni."

"Ulinibeba mgongoni, Dada."

"Ndiyo," alisema. "Nilikubeba." Na alilisema kama mtu anayekumbusha deni.

Hapo ndipo Unywele alipolia mbele yake kama mtoto, kwa hasira na kwa uchungu, maana angeweza kumchukia mtu mwingine yeyote duniani lakini huyu hakujua hata aanzie wapi kumchukia. Alimweleza habari za alfajiri ile, kitanda, mikono, shingo ya Chiriku. Dada alijishika mdomo. "Mtoto," alisema. "Yarabi, mtoto." Alinyanyuka, akamshika ndugu yake mabega. "Nitakichukua mimi, mdogo wangu. Nisamehe. Kesho mchana nitakichukua."

Naye akasamehe. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea ni huyohuyo.

Siku ya pili wafanyakazi walipewa ruhusa, milango ikafungwa jua likiwa utosini. Mganga alikuja na miwani yake ya waya, hakuchoma kitu, hakuimba kitu. Aliiwasha mashine ikazunguka bila chuma, ikavuma, kisha akaizima na kuisubiri isimame. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa karakana hadi wakakohoa.

"Geuka," alimwambia Unywele. "Atakalosema dada yako ni siri yake na jini. Sisi hatulisikii."

Wote wawili waligeukia ukuta. Unywele alisikia viatu vya Dada vikisogea, kitambaa cha nguo kikigusa chuma, halafu mnong'ono mrefu ukiingia kwenye lile tundu, mrefu kuliko alivyotarajia. Ndani ya mashine, ingawa ilikuwa imezimwa, kitu kilijibu kwa kuguna. Na ghafla mabega yake yakawa mepesi. Magoti, taya, vidole, kila mahali palipokuwa na mgeni palikuwa pake tena.

Alikimbilia saa ya kupimia. Aliweka ukucha, akaenda mbele, akarudi, na mshale ukarudi naye papo hapo. Alipima tena, akapima mkono wa pili. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaipima na mashine, nayo ilikuwa imenyooka vilevile. Akacheka kwa sauti, na kicheko kikaisha pale alipokimalizia. Alimwendea Dada, akamshika mikono, akaibusu, akalia juu yake. Mkereza yule wa kugawa unywele mara kumi alipima kila kitu mle ndani, ila mikono ile aliyoishika.

"Nenda nyumbani," Dada alimwambia bila kumtazama. "Nenda ukamshike mwanao."

Walipotoka, Dada alifunga mlango na kubana kufuli kwa mkono mmoja, upesi upesi kama kawaida yake.

Unywele alikwenda nyumbani mbio, na alipokumbuka kwamba amesahau kununua mkate aligeuka katikati ya barabara, kwa makusudi, kwa raha ya kugeuka tu. Chiriku alikuwa uani. Alimwona baba yake anakuja mikono mbele, akaacha kila kitu.

"Umenawa, Baba?"

"Nimenawa! Njoo!"

Alimnyanyua, akamzungusha, mtoto akipiga kelele, mama yake ametoka mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi, hajui acheke au alie. Alimtua, akamwachia, na vidole vyake vikaachia saa ileile. Akamnyanyua tena kifuani, akamkumbatia kwa siku zote alizozikosa. Chiriku alimzungushia mikono shingoni na kumwambia habari za paka, za ndoo, za jino linalotikisika, zote kwa pamoja.

"Haya mama, shuka sasa, baba apumzike," Unywele alisema baadaye, akiinama ili miguu ya mtoto iguse chini. Iligusa. Yeye alikuwa ameshaondoa mikono yake yote miwili.

Chiriku alinyamaza ghafla. Hakuwahi kunyamaza hivyo tangu ajue kusema.

"Niachie, mwanangu. Unanibana."

"Nimeshaachia, Baba," mtoto alisema, akimtazama kwa macho yaliyojaa hofu, na mikono yake midogo ikazidi kukaza.